Andazi, Hamri na Kitafunwa: Majina ya Maandazi katika Kiswahili na Suala la Kilichomo Ndani, Yakitazamwa kutoka Naipingo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza majina ya vyakula vya unga vinavyokaangwa katika Kiswahili, hususani andazi, hamri, kalimati, kitumbua na donati, pamoja na namna lugha inavyotaja kinachotiwa ndani yake, kinachopakwa juu yake na kinacholiwa pamoja navyo. Mahali pa kuanzia ni Naipingo, katika eneo la Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, ambako nazi si kiungo cha kila siku na ngano hailimwi. Hoja kuu ni kwamba majina ya kundi hili yaliyotokana na vitenzi vya Kiswahili hutaja tendo la mpishi au la mlaji, wala hayataji kijazio. Kile ambacho lugha nyingine hukitia ndani ya andazi, Kiswahili hukiweka kando yake, katika bakuli au katika kikombe. Kutokana na hoja hiyo, makala yanapendekeza kwamba fasili ya kidahizo andazi ijengwe juu ya tendo, na si juu ya viungo vya pwani.

Istilahi muhimu: andazi, kitafunwa, unominishaji, -a unganifu, fasili

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili akiulizwa ni andazi gani alipendalo, aghalabu hatataja kijazio. Atasema la moto, la nazi, la hiliki, lililoumuka vizuri, au la mama fulani wa pale stendi. Swali ambalo katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni la kawaida kabisa, yaani lina nini ndani, halimfikii kwa wepesi huo. Berliner ya Ujerumani hutiwa jemu. Sufganiyah inayoliwa na Wayahudi wakati wa Hanuka hutiwa jemu vilevile. Na maduka ya Marekani huzipanga donati zake kwa kijazio na kwa kipako. Huko mlaji huchagua kwa kuanzia katikati ya donge au kwa kuanzia juu yake.

Si kwamba majina yenyewe ya huko yametokana na vijazio. Neno la Kiingereza lililotupa donati linaanza na neno la unga uliokandwa, na Waholanzi huliita andazi lao oliebol, yaani donge la mafuta. Kijazio kilikuja baadaye kama kibainishi cha aina. Kinachovutia katika Kiswahili ni kwamba kibainishi hicho hakikupata kujengeka, ingawa lugha ina msamiati mpana wa vyakula vya kukaanga na wasemaji wake wamekuwa wakila vyakula vyenye kijazio, kama sambusa, kwa muda mrefu. Sababu zake ni za kimsamiati na za kisarufi, na zinaonekana wazi zaidi mtu anaposimama mbali kidogo na fukwe za minazi.

2.0 Andazi kama kitafunwa

Naipingo iko Nachingwea, katika ukanda wa ndani wa mkoa wa Lindi ambako Nachingwea na Ruangwa zinapakana. Lugha ya wenyeji wengi ni Kimwera, ambayo Guthrie aliiweka katika kundi la P.20 pamoja na Kiyao na Kimakonde, na Kiswahili ndiyo lugha ya shule, soko na ofisi. Mazao yanayojulikana ni korosho, ufuta, karanga, mbaazi, mihogo na mahindi. Ngano inayolimwa nchini hutoka katika nyanda za juu, kama vile Hanang na mikoa ya kusini magharibi, na sehemu kubwa ya inayotumika huagizwa kutoka nje. Unga wa andazi la Naipingo, kwa hiyo, umesafiri kuliko kitu kingine chochote kilichomo katika karai.

Mafuta ni habari nyingine. Nachingwea ilipanuka kwa sababu ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kupikia uliofuatia vita. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga zilibaki, na ufuta ukawa zao la biashara. Jina ufuta lina mzizi uleule wa mafuta, kwa hiyo katika ukanda huu kiungo cha kukaangia kina ukoo na mmea ulio shambani.

Katika mazingira hayo, neno linaloweka andazi mahali pake si jina la jumla la vyakula vya kukaanga. Kiswahili cha Tanzania bara hakina neno la kila siku linalojumuisha andazi, kitumbua, kalimati na donati na kuuacha nje muhogo wa kuchemsha. Neno lililopo ni kitafunwa, na muhogo umo ndani yake. Kiazi kitamu kimo, chapati imo, mkate wa dukani umo. Kundi hili limejengwa kwa kuzingatia chai: kitafunwa ni chochote cha kutafuna pamoja na chai ya asubuhi, na chai yenyewe imekuwa jina la mlo huo, kama katika kauli mtoto hajanywa chai, ambayo maana yake ni kwamba mtoto hajala chochote.

Kimofolojia neno hili lina sura mbili zinazostahili kutofautishwa. Kitafunwa kimeundwa kutokana na kauli ya kutendwa, tafunwa, na maana yake ni kitu kinachotafunwa. Kitafunio kina kiambishi cha kutendea na kiishio -o, sawa na pambio, na kimaumbo huelekeza kwenye kitu kinachohusishwa na tendo: cha kutafunia. Katika matumizi, sura hizi mbili hubadilishana nafasi, na hakuna muuzaji atakayemsahihisha mteja. Hata hivyo sura ya pili inadhihirisha uhusiano ambao ya kwanza inauficha. Andazi si chakula kinachosubiri kujazwa. Lenyewe ndilo nyongeza, na kinachoongezewa ni chai.

Tofauti na Mombasa inaanzia hapo. Kifungua kinywa kinachotajwa kwa jozi katika pwani ya Kenya ni mahamri na mbaazi: mbaazi zilizochemshwa zikaiva, zikaungwa kwa tui zito, na hamri likachovywa humo. Katika jozi hiyo hamri ndilo kibebeo na mbaazi ndizo mzigo. Naipingo mbaazi zimo tele shambani, lakini kwenye mlo hukaa upande wa mboga, mbele ya ugali au wali. Wakulima wa Lindi na Mtwara wanazifahamu zaidi kama zao la kuuza India, na mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuziagiza, bei ilianguka na magunia yakabaki mikononi mwa wakulima. Zao moja linalimwa kusini na linaliwa na mahamri kaskazini, na neno mbaazi linaandamana na majirani tofauti katika kila mahali. Mtunga kamusi anayetegemea uambatani wa maneno ili kufasili angepata mbaazi mbili.

3.0 Umbo la neno andazi

Andazi ni nomino iliyotokana na kitenzi andaa. Unominishaji wake unafuata njia inayofahamika vyema katika Kiswahili, ingawa wasemaji wengi hawaioni tena. Kitenzi andaa kilikuwa na *l kabla ya irabu ya mwisho. *L hiyo ilidondoka kati ya irabu, lakini iliacha alama mbele ya kiambishi cha kuunda nomino, *i, ambako iligeuka kuwa z. Ndiyo maana vaa huzaa vazi, zaa huzaa mzazi, kaa huzaa mkazi, na andaa huzaa andazi. Maandalizi ni matokeo ya kanuni hiyohiyo ikitumika juu ya shina la kutendea, andalia, ambamo *l ya kwanza imesalimika na ya pili ndiyo iliyogeuka. Maandazi na maandalizi, basi, ni ndugu wa tumbo moja. Kimoja kimekaa jikoni na kingine kimekwenda kwenye kamati za harusi.

Kisemantiki andazi lilikuwa na upana kuliko lilivyo sasa. Kwa umbo lake halisemi unga, halisemi mafuta, halisemi sukari. Linasema kilichoandaliwa. Kusinyaa kwa maana kutoka kitu kilichoandaliwa hadi kitu kimoja mahususi cha unga si jambo geni katika majina ya vyakula, na kunaeleza jambo ambalo vinginevyo lingeshangaza: neno hili huvumilia mabadiliko makubwa ya viungo bila kupoteza haki ya kutumika. Andazi la tui na hiliki la Unguja ni andazi. Andazi la maji, sukari kidogo na hamira la Naipingo ni andazi. Mpishi aliyepunguza ngano kwa kuchanganya unga wa muhogo bado amepika maandazi, ingawa wateja wanaweza kulalamika.

Nje ya Tanzania umbo lenyewe limebadilika. Nchini Kenya na Uganda hutamkwa, na mara nyingi huandikwa, mandazi, kwa irabu moja. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo irabu mbili za maa- hukaa mahali pasipo na mkazo na hufupishwa kirahisi. Lakini maandishi na maandiko yana mazingira yaleyale ya kifonolojia na hayajafupishwa katika tahajia. Tofauti ni kwamba andika ingali hai kando ya maandishi na msemaji huusikia uhusiano huo kila siku, ilhali uhusiano wa andaa na maandazi umefifia. Irabu hulindwa na uwazi wa mnyambuliko.

Mara irabu inapopotea, mpaka wa mofimu nao huhama. Ma-andazi hugeuka kuwa ma-ndazi, na umoja unaotarajiwa ni ndazi, ambao kweli husikika Nairobi. Wengine hulitumia mandazi kwa umoja na wingi, wakaliambatanisha na upatanisho wa i-/zi-: mandazi hii, mandazi hizi. Ni uchanganuzi upya wa kawaida kabisa, na kuuita kosa hakusaidii kuuelewa. Malawi, ambako neno limeingia Chichewa kama mandasi, kiambishi ma- kimepata ngeli ya sita iliyokuwa tayari katika lugha hiyo, na asili ya andaa imezimika kabisa.

4.0 Chachu na tonge

Hamri lina asili nyingine. Neno linahusiana na mzizi wa Kiarabu wa kh-m-r, unaohusu uchachu na uumukaji; mzizi huohuo umetupa hamira, na katika Kiarabu umezaa pia jina la mvinyo. Huko Hadhramaut kuna mkate wa kukaangwa unaoitwa bakhamri, na msomaji anayekumbuka uzito wa uhamiaji wa Wahadhrami katika pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa. Kiswahili kimelipa neno hilo ngeli ya li-/ya- na kulipangia kazi. Katika matumizi ya Mombasa na Lamu, mahamri yana tui na hiliki, hukatwa pembetatu, na yakiiva hufura hadi kuwa na uwazi ndani. Mandazi ni yale yasiyo na tui. Hapa tofauti ya viungo imepata maneno mawili.

Uwazi huo wa ndani ni jambo la kuangaliwa. Hamri lililoumuka vizuri lina nafasi ya kutosha kijazio, na mlaji anaweza kulipasua akatia mbaazi. Hata hivyo nafasi hiyo haikuzaa jina. Hakuna neno la hamri lililojazwa kama kitu tofauti na hamri lililochovywa. Mkono wa mlaji ndio unaoamua, na lugha imemwachia.

Kalimati, ambayo Mombasa huitwa kaimati, hupelekea hoja upande wa juu wa donge. Jina linafanana na luqaimat ya nchi za Ghuba, yaani vijitonge, na chakula kinafanana pia: rojo lililoumuka hudondoshwa kwa vidole katika mafuta, kisha vidonge huzungushwa katika shira. Vidonge vya ukoo huo vilikuwemo katika vitabu vya upishi vya Baghdad vya karne ya 13 kwa jina la tonge za kadhi. Nafasi ya sauti za l na k imegeuzwa katika Kiswahili, na matokeo yamelikaribia neno kalima, jambo ambalo huenda limesaidia umbo jipya kukaa. Katika Ramadhani kalimati huliwa pwani kama luqaimat inavyoliwa Maskati. Jina lakini halitaji shira hata kidogo. Linataja ukubwa wa kinachoingia kinywani.

Kipako kinapotajwa katika jina, huwa ni katika mkate, na kwa kirai: mkate wa ufuta wa Unguja, ambao hunyunyiziwa ufuta juu. Ufuta wa Ruangwa na Nachingwea huuzwa kwa mnada na kusafirishwa. Kifungu mkate wa ufuta ni cha visiwani, ilhali gunia la ufuta ni la huku.

5.0 Kitumbua kinapovuka mpaka

Kitumbua ni mfano mzuri zaidi wa jina lililosafiri likaacha vitu vyake nyuma. Pwani ya Tanzania ni chakula cha mchele uliolowekwa na kusagwa, ukachanganywa na tui, sukari, hiliki na hamira, kisha ukamiminwa katika chuma chenye vishimo na kugeuzwa upande wa pili. Zambia, vitumbuwa, ambavyo kwa Kibemba huitwa ifitumbuwa, ni vidonge vya unga wa ngano vinavyozamishwa katika mafuta. Malawi, zitumbuwa hupikwa kwa ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa mahindi. Mchele umetoka, tui limetoka, chuma chenye vishimo kimetoka. Viambishi vya ngeli vimebadilishwa kwa ukamilifu, ki-/vi- ikawa ifi- kwa Wabemba na zi- kwa Wachewa, kana kwamba neno halikuwahi kuwa la mtu mwingine.

Lakini umbo linasema limetoka wapi. Lugha hizo mbili huhifadhi *l ambayo Kiswahili kiliiangusha: Chichewa kina tsegula na Kibemba kina isula, vyote kwa maana ya kufungua, kwa kiambishi cha kutendua chenye l. Neno la asili lililojengwa kwa kiambishi hicho lingetarajiwa kuishia kwa -ula. Mwisho wa -uwa, usio na l, unaelekeza kwenye lugha ambayo l ilikwisha kudondoka, na kwa historia ya biashara na uhamiaji kuelekea bara, Kiswahili ndicho mtuhumiwa wa kwanza. Njia iliyopita kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Wayao na Wamwera, ni mojawapo ya zile ambazo misafara ya pwani na Ziwa Nyasa iliitumia.

Kuhusu chimbuko ndani ya Kiswahili chenyewe, tahadhari inahitajika. Kulihusisha jina na kitenzi tumbua, kwa maana ya kupasua au kufungua, kunawezekana kimofolojia, ingawa nomino imeishia kwa -a na si kwa -i, vinginevyo tungekuwa na *kitumbuzi. Kisemantiki uhusiano haujawa wazi: kinachotumbuliwa ni nini? Wako wanaofikiria kijiti kinachochokoa kitumbua ili kigeuzwe. Ufafanuzi huo unavutia, na pengine unavutia mno. Lililo hakika ni kwamba msemaji wa leo anausikia uhusiano huo kwa nguvu kidogo sana. Mwaka 2015 na 2016, kauli ya kutumbua majipu ilipotawala siasa za Tanzania, vitumbua havikuingizwa katika mzaha huo kama ambavyo mtu angetarajia.

Kitumbua kimepata makazi makubwa zaidi katika nahau. Kitumbua kuingia mchanga ni kuharibikiwa na jambo lililokuwa karibu kufanikiwa. Kumtia mtu mchanga katika kitumbua chake ni kumharibia riziki. Nahau hizi hujulikana hata mahali ambapo vitumbua vya mchele havipikwi kila siku. Zinategemea pia umbile mahususi: chakula laini, chenye unyevu juu, kisichoweza kupanguswa. Andazi likianguka hupulizwa likaliwa. Kitumbua hakina msamaha huo, na nahau isingefaa kwa andazi.

Kinshasa nako kuna mikate, jina la vidonge vya unga vilivyokaangwa, katika Kilingala ambacho neno lake la mkate wa kuoka ni limpa. Umbo ni la wingi wa mkate wa Kiswahili, na maana imehamia katika karai la mafuta.

6.0 -a unganifu na kilichomo ndani

Jambo la kisarufi ni namna -a unganifu inavyofanya kazi pamoja na nomino hizi. Andazi la nazi lina nazi iliyochanganywa katika unga. Andazi la mayai vivyo hivyo. Maandazi ya chai hutaja matumizi, maandazi ya Idi hutaja wakati, maandazi ya Mama Fulani hutaja mpishi, na andazi la mia, ambalo katika soko dogo kama la Naipingo huenda ndilo kundi lenye nguvu kuliko yote, hutaja bei. Mahusiano haya yote ni ya kawaida. Lisilokuwapo ni uhusiano wa kijazio. Msikilizaji akitajiwa andazi la nyama atasita, na huenda akauliza.

Sambusa ya nyama haimsitishi mtu. Hapo -a hutaja kilichomo ndani bila shaka yoyote, na hakuna anayedhani nyama imekandwa pamoja na unga. Mkate wa nyama wa Unguja, unaojazwa na kukunjwa juu ya chuma, husomwa hivyohivyo. Kwa hiyo kiunganifu chenyewe hakikatai kijazio. Kinachoamua ni nomino kuu. Sambusa, yenye asili ya Kiajemi, iliingia katika lugha ikiwa tayari ni ganda lenye kitu ndani. Andazi ni donge zima, na kinachoongezwa kwake husomwa kuwa kimeyeyukia katika donge.

Mgawanyiko huo una utaratibu. Katika kundi la vyakula vya unga vya kukaanga, vyenye kijazio huitwa kwa neno lililokopwa zima au kwa kirai chenye -a. Majina yaliyotokana na vitenzi, andazi na, kwa wanaokubali asili yake, kitumbua, ni ya vyakula visivyo na kijazio. Hamri na kalimati, ambazo zimekopwa lakini hazina kitu ndani, zinaonesha kwamba ukopaji peke yake hautoshi kuleta kijazio. Hakuna mfano wa kinyume, yaani nomino moja iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi cha Kiswahili na inayotaja donge lililojazwa likakaangwa.

Majina mapya ya mitaani nayo hayakwendi ndani. Andazi gumu lisilo na hamira, linaloitwa hafukeki Tanzania na Kenya, huko Nairobi lina jina jingine, ngumu, kwa jinsi linavyopambana na meno. Andazi kubwa la bei nafuu la jiji hilohilo huitwa KDF, herufi zilezile za jeshi la Kenya. Lugha inapobuni kwa hiari yake, hutaja meno, tumbo na mfuko.

7.0 Donati na kidahizo

Donati imeingia ikiwa na swali lake. Mijini hupikwa kwa umbo la pete au la duara, hupakwa chokoleti, hunyunyiziwa sukari, hutiwa jemu au krimu. Donati ya chokoleti ina tafsiri tatu: chokoleti iliyo ndani ya unga, iliyopakwa juu, au iliyotiwa katikati. Kiunganifu hakitofautishi, na nomino kuu, iliyo ngeni, bado haijaamua kama ni donge au ganda. Wauzaji wameshatatua tatizo hilo kwa vitenzi: iliyopakwa, iliyonyunyiziwa, iliyojazwa. Urejeshi unafanya kazi ambayo -a imeshindwa, na unairudisha lugha kwenye tabia yake ya zamani ya kulitaja andazi kwa tendo. Jiko la Kiswahili lina vitenzi vya kutosha kwa jambo hili: kukanda, kuumua, kusukuma, kukata, kuchoma (ambayo Tanzania hutumika pia kwa kukaanga maandazi katika mafuta), kuepua, kuchovya, kuzungusha.

Kwa mtunga kamusi tatizo kubwa zaidi liko katika andazi lenyewe. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Unguja neno andazi hubeba tui na hiliki bila kuhitaji jina jingine. Lau Kimvita ndicho kingechaguliwa, kamusi sanifu ingerithi vidahizo viwili vyenye mpaka wazi kati yake: hamri lenye tui, mandazi lisilo nalo. Fasili inayoorodhesha viungo hukabiliwa na kishawishi cha kuchukua viungo vya mahali palipotoa lahaja. Matokeo yake si madogo kwa mwanafunzi. Mtoto wa Naipingo anayefundishwa kwamba andazi lina tui hujifunza kwamba kile anachokula kabla ya kwenda shule ni andazi lililopungukiwa, wakati kimofolojia hakuna lililokamilika kuliko jingine.

Fasili yenye uaminifu kwa umbo na kwa matumizi ingeanza na tendo: donge la unga uliokandwa, aghalabu wa ngano wenye hamira na sukari, lililokatwa na kukaangwa katika mafuta mengi, linaloliwa hasa kama kitafunwa cha chai. Viungo vya ziada vingekaa katika mifano, mandazi na ndazi zingeelekezwa kwenye kidahizo hicho kama vibadala vya Kenya na Uganda, na hamri lingepata fasili yake kwa kulinganishwa. Kwa mpangilio huo, andazi la mia la Naipingo halihitaji sifa ya ziada. Ni hamri la Mombasa ndilo litakaloandikiwa tui, hiliki na mbaazi za kando.